Maua ya Kifaru Yaliyogoma Kuchanua

Paukwa!

– Pakawa!

Mmeitika kivivu kama mmelazimishwa! Basi, nitasimulia hivyo hivyo, maana ulimi unaniwasha.

Hapo kale palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka, na kando yake bustani ndogo yenye udongo mbichi. Kifaru aliitaka yote, apate kugaagaa topeni peke yake. Kalunguyeye, yule mama mdogo mwenye miiba, naye aliitaka, kwa sababu kiangazi kilikuwa mlangoni na wanawe wanne hawakuwa na pengine pa kunywa.

Kwa desturi ya wanyama wale, ardhi ya chemchemi haikupiganiwa. Ilipandwa. Kila mmoja alipewa tuta lake, apande yale maua mafupi yanayotambaa chini na kushika udongo usichukuliwe na maji. Siku ya nane Korongo, mwamuzi wao, angepita asubuhi. Atakayekutwa na maua yaliyochanua, bustani ni yake.

Kifaru akapanda, ndi! ndi! ndi! Kalunguyeye akapanda, chaka, chaka, chaka. Mbegu moja, udongo mmoja, maji yale yale. Yakatambaa yote, yakatoa vichwa.

Kifaru hakumwamini mtu. Akasimama kando ya tuta lake, pembe juu, analinda.

Siku ya tano maua ya Kalunguyeye yakachanua, mekundu na ya manjano. Ya Kifaru je? Yamefumba, kimya!

Kifaru akatazama. Akazunguka. Akatazama tena.

"We Kalunguyeye! Mbona yangu yamelala?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Labda yanaogopa wezi. Wezi hutokea upande wa jua. Simama huko uwazibie njia."

"Marahaba. Hapo umesema."

Akasimama upande wa jua, mwili wote kama ukuta. Siku ya sita, yamefumba!

"We Kalunguyeye! Bado yamelala!"

"Pole, Bwana Mkubwa. Sogea zaidi, yasikie pumzi yako."

Akasogea, puu, puu, anayapumulia. Siku ya saba, yamefumba!

Maskini Kifaru, kichwa kilimuuma. Aliyamwagilia, si aliyamwagilia? Aliyapalilia, si aliyapalilia? Akayakemea: "Chanueni!" Yakanyamaza. Akayabembeleza: "Chanueni, wanangu." Yakanyamaza vile vile. Akaonja moja, akaliona halina kasoro, akaonja la pili kuhakikisha.

"We Kalunguyeye, mimi sielewi! Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Bwana Mkubwa. Kesho Korongo anakuja. Yaweke katikati ya miguu yako minne, tumbo lako liwe paa. Nani atathubutu kuyagusa?"

Kifaru karibu alie kwa shukrani.

Asubuhi Korongo akaja, tipa, tapa, tipa, tapa. Jua limewaka. Tuta la Kalunguyeye limechanua lote, nyuki wanaimba zzzz. Korongo akainama, akachungulia chini ya tumbo la Kifaru. Giza tupu, na maua yamefumba.

"Bustani ni ya Kalunguyeye," akasema. "Watoto wako wanne waje wanywe, mama."

Kifaru akakoroma, akageuka, akaenda zake kwa hasira, ndi! ndi! ndi! Alipofika mbali akageuka kuyaaga maua yake. Lahaula! Yamechanua! Yote, mekundu, yanamcheka!

Akarudi mbio, akayainamia ayaone vizuri, kivuli chake kikayafunika. Yakafumba.

Akarudi nyuma. Yakafumbuka.

Akarudi mbele. Yakafumba.

"Yananichukia," akasema Kifaru kwa sauti ndogo. "Nimeyalinda mchana na usiku, na yananichukia." Akaenda kukaa kwenye vumbi, na mpaka leo anamuuliza kila apitaye, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Ngano yangu naikunja kama mkeka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi mpishi wake.

Na funzo lake, maana najua mtaniuliza, ni hili: ukipenda kitu chako kistawi, kisimamie kwa karibu, usibanduke hata kidogo.

Sasa mnacheka nini?