Ufa Juu ya Mtakatifu Roko

Wahenga waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakutaka kumtisha mtu. Nadhani walikuwa wamechoka tu kuzika watu ambao wangepona. Na maradhi si ya mwili peke yake. Ndoa huugua, kijiji huugua, hata ukuta wa mawe huugua, ila ukuta wenyewe hausemi uongo. Uongo husemwa na wanaoutunza. Hayo tuliyaona kijijini kwetu Vauzelle kwa macho yetu, na aliyetufunza ni mwanamke tuliyempenda sote.

Odette Chassaing alikuwa mjane wa miaka sabini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alitunza ufunguo wa kikanisa cha Mtakatifu Roko, mlinzi wa wagonjwa, kilichojengwa zamani za kale pembeni mwa njia ya wasafiri wa miguu. Mlangoni palikuwa na kibao: "Ufunguo uko kwa Bi Odette, nyumba yenye madirisha ya buluu." Wasafiri walifuata alama nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe, wakashuka kutoka msitu wa mialoni, mabegi mgongoni na tope hadi magotini, wakabisha hodi. Odette alivua aproni, akatwaa ufunguo mkubwa kama upawa, akatangulia. Kutoka kwake hadi kanisani ni hatua mia mbili, na kabla hazijaisha mgeni alishajua habari za marehemu mumewe, mvua ya mawe ya mwaka ule, na ng'ombe wa jirani aliyezaa pacha. Alijua kuongea, huyo mama!

Ndani, chini ya tao la mawe, alisimama Roko wa mbao na fimbo yake ya safari. Mkono mmoja umepandisha joho, kidole cha mkono wa pili kinaonyesha kidonda pajani, na miguuni pake mbwa ameuma mkate.

"Mbona anatuonyesha paja?" watoto wa wageni waliuliza kila mara.

"Labda anaona joto," Odette alijibu, na watu wote wakacheka.

Wageni walipoondoka, nyumba ilirudia ukimya wake. Wanawe wawili walikuwa mbali mjini, wakipiga simu Jumapili kwa dakika kumi. Kwa kweli ufunguo ule ndio uliomletea watu wa kuzungumza nao, na yeye alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa, juu ya kichwa cha Roko palikuwa na ufa. Miaka minane nyuma fundi aliyeletwa na meya alibandika kipande cha plasta katikati ya ufa ule, akaandika tarehe kwa ncha ya msumari. Mafundi hukiita shahidi. Plasta ikibaki nzima, ukuta umetulia. Ikipasuka, ukuta unatembea.

"Siku ukimwona shahidi amepasuka, Bi Odette," meya alimwambia, "nipigie siku hiyohiyo. Hata nikiwa nazalisha ng'ombe." Meya huyo, Régis Bonnefoy, alikuwa mfugaji, na hakuwa akitania.

Mwezi wa Aprili mwaka jana Odette aliinua macho akamwona shahidi amepasuka. Mstari ulikuwa mwembamba kama unywele. Alisimama pale akiwa na ufagio mkononi. Alikumbuka kanisa la kijiji cha pili, lililofungwa kwa ajili ya ufa miaka kumi na moja iliyopita na halijafunguliwa mpaka leo. Walizungusha uzio, wakaandika hatari, wakafuta zile alama na kuihamishia njia kwenye barabara ya lami. Hakuna mgeni anayepita huko tena. Odette alirudi nyumbani, akachota plasta iliyobaki alipokarabati jiko, akapanda ngazi na umri wake ule, akafunika ule mstari. Kisha akachukua sindano ya kufumia, akaiandika upya tarehe ileile ya zamani.

Alijiambia ni mara moja tu. Mwezi wa Juni plasta ikapasuka tena, naye akaifunika tena. Agosti vivyo hivyo, na safari hii kidole chake cha mwisho kiliingia kwenye ufa. Aliogopa, lakini aliogopa zaidi madirisha ya buluu yasiyo na mtu wa kuyagonga.

Septemba ilifika, na pamoja nayo ile Jumapili ambayo nchi nzima hufungua majumba yake ya kale. Meya alikuwa amealika kwaya ya wanawake na kupanga viti arobaini ndani ya kikanisa. Siku moja kabla, Jumamosi mchana, alibisha hodi msafiri mmoja mwenye ndevu nyeupe na viganja vipana. Alijitaja kuwa Yvon Le Guen, mwashi mstaafu kutoka pwani ya magharibi. Tofauti na wageni wengine, huyu hakumtazama Roko. Alitazama juu yake, kisha akaivuta ile ngazi na kupanda bila kuomba ruhusa.

"Mama, shahidi huyu ana umri gani?"

"Miaka minane. Si tarehe hiyo hapo?"

"Naiona." Alipitisha kidole, akakinusa. "Miaka minane moshi wa mishumaa umeutia weusi ukuta mzima, halafu huyu peke yake mweupe kama jibini la mbuzi? Kwa uchawi gani?"

Yvon alishuka taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimejenga miaka arobaini na mbili. Sijauliza nani kafanya, na siulizi. Nauliza kesho ndani humu kuna nini."

"Kwaya. Na watu arobaini."

"Basi mpigie meya wako. Leo, si kesho. Tao hili bado lina dawa, mama: nguzo za mbao chini yake, chuma cha kuzifunga kuta, mwaka mmoja wa subira. Lakini nguzo ziingie kabla ya mvua."

"Nitampigia jioni hii," Odette alisema. "Nakuapia kwa Roko."

Mwashi alimwamini, maana alikuwa mtu wa kuamini watu, akajitwika begi lake na kushika njia. Jioni ikaja. Odette alikaa mbele ya simu hadi supu yake ikapoa. Kila alipoinua mkono aliuona ule uzio wa kijiji cha pili. Mwishowe aliinuka, akaenda na ufunguo jikoni, akauzika ndani ya debe la unga.

Jumapili asubuhi watu wakajaa kwenye majani mbele ya mlango. "Ufunguo umepotea," Odette alisema, uso umemwiva.

"Wewe?" Meya aliangua kicheko. "Miaka kumi na tisa hujapoteza hata kitufe!"

"Utakuwa umeuuza kwa wageni, Odette!" mwanakwaya mmoja akachombeza. Wote wakainama kuusaka ufunguo nyasini, wazee kwa watoto, naye akiwa katikati yao akijifanya anatafuta. Kijana wa meya akaleta mtarimbo. Odette aliuona ukiegemezwa kwenye mlango, akapiga hatua moja mbele. Neno moja lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Hapo kiongozi wa kwaya akasema ni dhambi kuvunja mlango wenye umri mkubwa kuliko babu zetu sote, tutaimba nje, jua lenyewe zuri. Meya akaurudisha mtarimbo kwenye gari. Odette alilia wakati wa nyimbo, tukadhani ni uzuri wa sauti.

Tangu siku ile kibao kiliondolewa, kwa kuwa hapakuwa na ufunguo wa kuuomba. Wasafiri walichungulia tundu la mlango, wakapita. Hakuna aliyebisha hodi. Alichokuwa akikiogopa alikuwa amejitengenezea mwenyewe, kwa mikono yake, na hata hivyo hakusema.

Mvua za Oktoba zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Jumanne mchana, Odette alikuwa akisafisha uyoga mezani aliposikia mshindo kama trela la mawe linalomwagwa. Hakwenda dirishani. Alijua.

Meya alikuja saa kumi, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuketi. Alitoa mfukoni kipande cha plasta kikubwa kama kipande cha mkate, akakiweka kando ya uyoga. Kilikuwa kimebanduka ubavuni, na matabaka yake yalionekana moja juu ya jingine, kama kitunguu kilichokatwa.

"Nimekiokota juu ya kifusi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipokibandua nimekuta tarehe. Chini yake tarehe ileile. Chini yake tena. Mara nne, Bi Odette. Fundi aliandika mara moja."

Odette alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefunga, Régis."

"Ningefunga mwaka mmoja!" Meya alipiga meza, uyoga ukaruka. "Mmoja tu! Lile la kijiji cha pili hakuna aliyelitaka. Hili tulilitaka. Na zile nyimbo je? Mke wangu alikuwa akae kiti cha mbele!"

Odette aliinuka. Alikwenda kwenye debe la unga, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ufunguo. Akauweka mezani karibu na plasta, ukiwa mweupe wote. Meya akavuta kiti, akaketi, akajifunika uso kwa viganja.

Wafukuaji walimkuta Roko amevunjika fimbo, na mbwa wake hana mkia, lakini mkono wenye joho na kidole vilikuwa vizima. Siku hizi amesimama kwenye kibanda cha kuni cha Odette, kwa ombi lake mwenyewe. Njia imehamishiwa kwenye barabara ya lami. Hata hivyo msafiri mmojammoja hupotea, hufika madirisha ya buluu, na msichana mmoja majuzi aliuliza swali lilelile, mbona mzee huyu anatuonyesha paja.

Odette hakusema habari za joto. "Anaonyesha kidonda chake, mwanangu," alimjibu, "ili kitibiwe. Mimi nilikuwa naye miaka kumi na tisa, sikumwelewa." Akamkalisha, akamsimulia yote, sindano ya kufumia na debe la unga, bila kujitetea hata kwa neno moja. Kipande cha plasta kiko pale kwenye rafu, na kila anayeyahesabu matabaka yake husoma humo tarehe moja mara nne, na methali moja mara moja: mficha maradhi kifo humuumbua.