Kadi Nyeusi za Sufiani

Kitu kilichobingirika mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa jina, wala hakijali hadhi ya anayekitafuta. Awe tajiri, awe msomi, atapiga magoti tu. Wahenga waliliona hilo wakalifanyia methali, lakini Sufiani wa Korogwe alidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wengine.

Sufiani alikuwa na duka karibu na stendi, akibuni na kuchapisha kadi za biashara. Mkono wake ulikuwa hodari, hilo hakuna wa kumnyima. Kasoro yake ilikuwa moja: kila kadi aliibuni impendeze Sufiani.

Mwaka huo alipata mteja wa haja. Loveness, mwanamke aliyeshuka kutoka milimani, alikodisha mashine za kupukuchua mahindi vijijini. Mavuno yalikaribia, naye alitaka kila mkulima awe na namba yake. Sufiani akamtengenezea kadi nyeusi tii, ngumu kama kigae, maandishi ya rangi ya dhahabu. Akajisifu mpaka mate yakamkauka.

Hazikupita siku nyingi, Loveness akarudi amekunja uso.

"Kaka Sufiani, simu haijalia hata mara moja. Kadi zako nimezikuta zimetupwa gulioni. Nyingine watu wanachokonolea meno."

"Dada, watu wa shamba hawajui kitu kizuri."

"Hao watu wa shamba ndio wateja wangu. Twende kijijini Misima ukawaone."

"Fundi hamfuati mteja. Mteja ndiye anayemfuata fundi."

"Haya. Mimi nakwenda Tanga, na huko mafundi wapo. Na nikiulizwa kwa nini, nitasema."

Hapo Sufiani akanywea. Stendi nzima ilijua kwamba kazi ile ni yake, na jina la fundi likishatupwa chini gulioni, haliokotwi. Kesho yake alifunga duka shingo upande, akafuatana na Loveness hadi Misima.

Alianza kwa maringo. Alisimama na viatu vyake vya ngozi, akigawa kadi kwa ncha za vidole. Watu walizipokea kwa adabu, wakazitazama, wakaziweka kando. Hakuna aliyeuliza kitu. Mwisho alibaki Bibi Mwantumu, ajuza aliyekaa mkekani akipukuchua mahindi kwa mikono, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kusikika na mtu aliyesimama. Sufiani akachutama. Magoti yalipomchosha, akavua viatu, akakaa mkekani, akachukua hindi na kuanza kupukuchua naye.

"Shikamoo, bibi. Hebu niambie, kadi hii ina ubaya gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni nzuri. Ila nilipoifunga kwenye kanga ilinichoma." Bibi akafungua pindo la kanga yake, akatoa kikaratasi kilicholegea kwa jasho. "Hizi ni namba za wanangu. Simu sina, nikitaka kuwasikia nakwenda na hiki kwa jirani. Hiki kinaisha, nikataka waniandikie kwenye hiyo yako. Wino haukuonekana kwenye weusi. Sasa karatasi isiyoandikika wanangu, niifunge ya nini?"

Sufiani akakichukua. Namba ya mwisho ilikuwa imefutika nusu.

"Huyu nani, bibi?"

"Kitindamimba wangu. Tangu ifutike sijamsikia."

Sufiani aliona aibu, akamwonea huruma. Alirudi Korogwe akabuni kadi nyingine, nyeupe, ya karatasi laini isiyolowa upesi. Juu aliweka jina la Loveness, kazi yake na namba yake, kwa herufi ambazo hata mzee angezisoma bila miwani. Chini aliandika "Wanangu", kisha akaacha mistari mitupu.

Misima waliigombea. Waliozitupa zile nyeusi walirudi kuomba, kila mtu moja yake, nyingine ya mama yake. Kila aliyefungua pindo kumtafuta mwanawe alikutana kwanza na Loveness, na mahindi yalipokauka simu yake haikupumzika. Habari za Tanga hazikutajwa tena.

Loveness alipokuja kuagiza kadi nyingine, alikuta duka limefungwa. Jirani akamwambia fundi yuko Mnyuzi tangu asubuhi; amepata kazi ya kumbunia kadi muuza miche, na amekwenda kuchutama bustanini na wanunuzi wake aone kadi wanaiweka wapi. Loveness akacheka, akakaa kizingitini kumsubiri. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.