Bega la Gaudensi

Fundi mmoja wa lipu alikuwa na bega lililomuuma kwa miaka tisa. Jina lake Gaudensi Mwalongo, wa mji mmoja mdogo kule kwenye baridi na mashamba ya viazi. Watu walimjua kwa mambo mawili: kuta alizozipiga lipu zilinyooka, na kwenye meza ya puli hakuwa na mpinzani. Mchana alishika mwiko, jioni akashika fimbo. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mvivu. Nalisema hili mapema, ndugu zangu, kwa kuwa tuna tabia ya kumwona mtu anaumwa tukadhani amejitakia.

Mchezo ule alijifunzia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Meza ilikuwa kubwa na kibanda kidogo. Upande mmoja, kati ya meza na ukuta, mtu alipita kiubavubavu. Ukitaka kupiga ukiwa upande huo, huwezi kuivuta fimbo nyuma, kwa sababu kitako chake kinagonga ukutani. Basi wachezaji wa pale walikuwa na namna yao. Waliinua kiwiko mpaka karibu na sikio, wakapinda shingo, wakakunja goti la nyuma, kisha wakaushukia mpira mweupe kutoka juu. Gaudensi aliifanya namna hiyo vizuri kuliko wote. Wala hakukosea. Ukuta ulikuwepo, na mwenye akili hashindani na ukuta. Ila baada ya mwaka mmoja au miwili alikuwa akipiga hivyo hata pande zenye nafasi, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea.

Kile kibanda kilivunjwa kupisha barabara. Meza ikahamishiwa kwenye ghala la zamani la pareto, ikawekwa katikati ya sakafu, na kila upande ukabaki na nafasi ya hatua saba au nane. Gaudensi aliingia siku ya kwanza, akaipaka fimbo chaki, akainama. Kiwiko kikapanda mpaka sikioni.

Maumivu yalianza kidogo kidogo, chini ya shingo, yakashuka begani, yakafika kwenye kiwiko. Mipira ya karibu aliendelea kuitumbukiza, lakini ya mbali ilianza kumkataa. Alidhani amepungukiwa na mazoezi. Akaongeza saa moja, akaongeza na Jumapili baada ya ibada. Bega lilivyozidi kuuma, ndivyo alivyozidi kupiga, akijiambia kwamba dawa ya moto ni moto. Mkewe, Yustina, alimchua kila asubuhi kabla ya kazi kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi, halafu kwa dawa ya kuchua yenye harufu iliyojaa nyumba nzima. Alilijua bega lile kuliko mwenyewe, kwa vidole. Hakuwahi kumwona akicheza. Kwenye zahanati waliambiwa mkono upumzike. Ukapumzika wiki mbili, maumivu yakaisha, akarudi mezani, na maumivu yakarudi naye. Ikafika mahali hawezi kuunyanyua mkono kupita bega. Ukuta akawa anaupiga lipu nusu ya chini, ya juu anamwachia mwenzake. Fundi wa nusu ya ukuta ana siku chache za kuitwa fundi. Yeye alilijua hilo, na Yustina alilijua.

Jambo linalonichosha zaidi katika habari hii ni hili. Walikuja wachezaji wengine pale ghalani, watu wazima, madereva wa malori na wauza mbao, ambao kile kibanda cha mabati hawakukiona hata siku moja. Walimwona bingwa anainua kiwiko, wakaona ndiyo siri yenyewe. Nao wakainua. Wakauita mkono wa Gaudensi. Ukiingia ghalani siku hizo ungewakuta watu kumi katika ukumbi mpana, shingo zimepinda, magoti yamekunjwa, na wengine wameanza kuulizana dawa nzuri ya bega ni ipi. Gaudensi aliwatazama akafurahi.

Ikaja Jumamosi ya mashindano ya mji. Mchana ule alifika fainali, na alikuwa anaongoza. Yustina aligundua kwamba mumewe amesahau chupa ya dawa, akaifunga kwenye kanga, akampelekea. Aliingia akasimama mlangoni, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akamwona anavyopiga. Ulikuwa umebaki mpira mweusi peke yake, ule unaomaliza mchezo, karibu na mfuko, mpira ambao Gaudensi angeutumbukiza akiwa amesinzia. Akainama. Kiwiko kikapanda. Uso ukakunjamana kwa maumivu, uso ule ule ambao Yustina aliuona kila asubuhi chini ya mikono yake. Hakuweza kunyamaza.

"Baba Editha," alisema mbele ya watu wote, "kwani hapo nyuma yako kuna nini?"

Watu wakacheka. Muuza mbao mmoja akamjibu kwa niaba ya bingwa. "Mama, hakuna kitu. Ndivyo anavyopiga."

"Sasa anakwepa nini?"

Gaudensi hakucheka. Alisimama wima, akageuka nyuma. Akaiona sakafu tupu, hatua saba au nane za saruji mpaka ukutani. Alikuwa ameikanyaga sakafu ile kila siku. Aliitazama mpaka mshindani wake akaguna kumharakisha. Akaurudia mpira. Alijua kwamba akipiga kama alivyozoea atashinda, watamnyanyua juu, na kesho kila kiwiko ghalani kitapanda zaidi. Akakishusha kiwiko chake. Fimbo ikalala chini ya kidevu, mkono ukawa mgeni kwake, kama wa mtu asiyewahi kushika fimbo. Akaivuta nyuma bila kizuizi, akapiga. Mpira mweusi ukagonga ukingo wa mfuko, ukarudi katikati ya meza.

Alikosa. Na bega halikumuuma.

Mshindani akamaliza mchezo, na watu wakamshangilia. Gaudensi akakaa kwenye benchi karibu na mkewe. Yustina akamkabidhi ile chupa, naye akaishika mkononi bila kuifungua. Alichoka sana. Kushindwa hakukumuuma kama miaka ile tisa, na asubuhi zote zile za chumvi na maji ya moto, na wale watu kumi aliowafundisha kukwepa kitu kisichokuwepo. Alilia kidogo, hakujificha.

Sisemi kwamba alipona jioni ile. Ningekuwa nawadanganya, na nyinyi ni watu wazima. Jumatatu walimkuta ghalani hana mpira mezani, anaipeleka fimbo mbele na kuirudisha nyuma juu ya kitambaa kitupu, mara mia, mara mia mbili, na kila alipojisahau kiwiko kilipanda akakishusha tena. Wale wa mkono wa Gaudensi walimtazama kwa aibu. Wengi walisema mzee amekwisha. Wawili wakashusha viwiko vyao, wakaanza nao kukosa. Alicheza vibaya mwaka mzima. Mwezi wa nane tangu Jumamosi ile aliunyanyua mwiko akaupiga lipu ukuta mpaka juu kwenye boriti, akashuka kwenye jukwaa, akaenda kumwita Yustina aje auone.

Nami niliyewasimulia haya nimechoka kama yeye, maana nimekuwa nikiwahimiza miaka mingi muongeze bidii: bidii ya kusali, bidii ya kufunga, bidii ya kuvumilia ndoa zenu na wazazi wenu, na sikuwahi kuwauliza mnasimamaje. Walikuwepo baba wakali, ilikuwepo njaa, zilikuwepo nyumba ambamo mtu hakuweza kunyoosha mkono. Mlijikunja, na mlifanya vyema kujikunja. Lakini geukeni mtazame nyuma yenu leo: ukuta bado upo, au ni kiwiko tu ambacho hakijapata habari?