Kamati ya Siku ya Mwajabu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kugombana na majirani zao kama sisi, aliishi Pimbi mmoja aitwaye Shomari. Pimbi mnamjua, watoto? Ni mdogo, mkia hana, na nyumba yake iko juu maweni. Mkewe aliitwa Mwajabu.

Mwajabu alikuwa na jambo moja lililomuuma. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa ikifika alipika kitu kizuri, na kila mwaka hakukila. Chungu kikiipuliwa tu, mlangoni, "Hodi!" Ni Fisi. Nyuma yake, ti! ti! ti! Kiboko anapanda mawe.

Na desturi mnaijua. Mtu akikukuta unapakua, unamwambia karibu tule. Mwenye adabu anajibu, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma. Fisi alijifunza nusu ya kwanza ya desturi hiyo, ile ya pili ikampita. Kiboko naye alikuwa akiketi kwanza, kukaribishwa kunafuata.

"Mwaka jana nilipata ukoko," Mwajabu alisema jioni moja, akichambua mchele. "Na huo ukoko shemeji Fisi akaniomba tugawane."

"Safari hii usipike," Shomari akamwambia.

"Tulale njaa?"

"Nitapika mimi. Mkate wa kumimina."

Mwajabu akaangalia alichokuwa nacho mumewe. Mchele kibaba kimoja, nazi moja, iliki za kuhesabu na sukari ya kukwangua chini ya kopo. "Huo ni mkate wa sufuria ndogo, baba. Fisi ataumeza na sufuria yake."

"Niachie mimi," Shomari akasema, ingawa hapo bado hakuwa na wazo lolote. Aliumia tu kumwona mkewe akizeeka bila kuionja siku yake.

Wazo lilimjia kesho yake kisimani. Swala walikuwepo wakiteka maji, Kanga wakipiga soga, na Kiboko na Fisi wamejinyoosha kivulini. Shomari akapanda juu ya jiwe ili naye aonekane.

"Majirani zangu, kesho kutwa ni siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Nataka kuunda kamati."

Fisi akanyanyua sikio. "Kamati ya nini?"

"Ya sherehe. Bila kamati itakuwa ni kula tu, na kula tu hata nyumbani kwako unakula. Nimefikiria watu wazito. Mzee Kiboko awe mwenyekiti. Wewe, jirani, uwe mkuu wa itifaki."

"Itifaki ndiyo nini?"

"Ni kuhakikisha hakuna mtu anayegusa chakula kabla ya zamu yake. Kazi ya mtu mwenye sauti."

Fisi akafikiri kidogo. "Huyo mkuu anavaa chochote?"

"Anavaa utepe mwekundu."

Basi. Utepe wenyewe ulikuwa upindo wa kanga kuukuu ya Mwajabu, lakini Fisi alipofungwa mkononi alitembea siku nzima akiwa ameukunja mkono kifuani ili watu wauone.

Kesho yake kikao kikaitwa palepale kisimani. Kiboko akakohoa, akawataka Kanga wanyamaze, akauliza nani ataleta kuni. Watu wakamtazama yeye. Mwenyekiti hawezi kukaa kimya akitazamwa hivyo, akasema maji ataleta yeye, na kuni na mkaa ataleta mkuu wa itifaki. Shomari akashukuru sana.

"Limebaki dogo, mheshimiwa mwenyekiti," akasema kwa unyenyekevu. "Utaratibu wa kula. Mimi nilidhani kamati ianze, halafu wengine wafuate."

Swala wakacheka. Mmoja wao, mama mzima mwenye mdomo, akasema, "Kamati ianze kula? Hiyo ni kamati au ni msiba wa sufuria?"

Kiboko akaona haya. Fisi tayari alikuwa ametikisa kichwa kukubali, lakini mwenyekiti akamkatiza. "Hapana. Kwenye uongozi wangu, kamati inakula mwisho. Mwenye siku anakula kwanza, mpaka aseme mwenyewe ameshiba."

"Imepita?" Shomari akauliza.

"Imepita," akasema Kiboko. Fisi akameza mate, akaushika utepe wake.

Siku ikafika. Shomari alikuwa ameloweka mchele tangu jana yake. Akautwanga, twi! twi! twi! Akakuna nazi, akakamua tui zito, akachanganya na hamira na sukari, akasubiri uumuke. Kisha akapaka sufuria mafuta, akamimina, moto wa mkaa chini na mwingine juu ya mfuniko. Harufu ya iliki ikatoka pangoni, ikashuka mawe yote mpaka kisimani.

Majirani wakaja kumpongeza Mwajabu. Walipokaribishwa mkate wakasema wametoka kula sasa hivi, wakaketi kutazama. Kiboko alikaa mlangoni. Fisi alisimama na birika na beseni la kunawia, ulimi nje.

Mwajabu akanawa. Akamega kipande cha kwanza, kingali cha moto, akatafuna taratibu huku amefumba macho. Shomari alifurahi. Aliogopa pia, kwa sababu Kiboko peke yake alikuwa mkubwa kuliko nyumba, na mkate ulikuwa mdogo.

"Mwenyekiti," Fisi akanong'ona, "amemaliza viwili."

"Amesema ameshiba?"

"Hajasema."

"Basi tulia. Watu wanatutazama."

Punde kiganja cha Kiboko kikaanza kutambaa kuelekea sufuria. Fisi akakiona. "Mwenyekiti, kamati mwisho!" Kanga wakageuka wote. Kiboko akajifanya anajikuna goti. Tangu hapo wakawa wanalindana wenyewe kwa wenyewe, na Shomari akapata nafasi ya kupumua.

"Nawe kula, baba," Mwajabu akamwambia.

"Naomba ruhusa ya mwenyekiti, mwenye siku amlishe mumewe."

"Imepita," Kiboko akasema kwa uchungu.

Ukabaki mkate wa kama kiganja. Mwajabu akafuta mdomo, akainua uso, akawaona wakubwa wale wawili wakimkodolea macho. Miaka yote alikuwa akisema ameshiba ili wengine wapate. Neno likamfika mdomoni. Shomari akalisikia kabla halijatoka.

Mwajabu akafumba mdomo. Akamega tena. Akala mpaka ule wa pembeni uliokauka vizuri, akalamba vidole, ndipo akasema, "Sasa nimeshiba."

Kwang'! Fisi akatupa birika, akarukia sufuria, akakuta chini panang'aa.

"Mbona hamna kitu? Kuni nimeleta mimi!"

"Na maji nimebeba mimi!" akanguruma Kiboko. "Nani aliyepitisha jambo hili?"

"Wewe, mheshimiwa," akasema Shomari, akisogea nyuma ya mkewe. "Ulisema mpaka ashibe. Hakuna aliyejua anashibia wapi."

"Hata mimi sikujua," Mwajabu akasema.

Swala wakaanza kupiga makofi. Wakaisifu kamati kwa nidhamu yake, Kanga wakapiga vigelegele, na Kiboko, aliyekuwa ameshanyanyua mguu wa kukanyaga mtu, ikambidi aushushe na kutoa neno la shukrani, tumbo likimwitikia. Fisi hakuuvua utepe.

Nami nililoliona humo, watoto, ni hili: mlafi ukimpa cheo mbele ya watu, atakulindia chakula chako mpaka ukimalize.