Mama wa Kwenye Filamu

Wapendwa, hebu fungeni vitabu kidogo mnisikilize, maana leo nataka kuanza na mama mmoja. Ninyi hamumjui, nami simjui. Ni mama wa mfano. Lakini mtu asiye na jina ni vigumu kumwonea huruma, kwa hiyo tumpe jina. Tumwite Felista.

Felista alikuwa mwigizaji. Aliishi Morogoro, chini ya milima, na kazi yake katika filamu ilikuwa moja tu: kuwa mama. Mama wa bwana harusi, mama wa mgonjwa, mama wa jambazi aliaye mahakamani. Akitokea kwenye picha na kitenge chake kifuani, watu walianza kutafuta leso kabla hajafungua kinywa. Sokoni aliitwa mama hata na watu waliomzidi mvi.

Alianza zamani, enzi za kanda. Wa umri wangu mnazikumbuka kanda: zile nyeusi, nzito, unakodi dukani leo na kurudisha kesho, na ole wako kama deki imeitafuna. Siku hizo palikuwa na kikundi cha vijana waliofanya mazoezi kwenye ukumbi wa parokia kila Jumamosi mchana. Kamera yao ilikuwa ya mpiga picha za harusi, nao waliipata tu pale ambapo hakuna anayeoa. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele hata maneno hayasikiki, basi waliiweka kamera chini, wakala mihogo ya kuchoma kwa pilipili, wakaimba mpaka mvua ichoke yenyewe. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna aliyeona ajabu.

Katika kikundi kile alikuwamo kijana aitwaye Gaudensi. Mama yake alifariki angali mdogo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hakai chini. Katika filamu ya kwanza Felista aliigiza mama yake, ya pili vilevile, ya tatu vilevile, hata kijana akasahau kuacha. Kamera imezimwa, yeye bado anamwita mama. Akipita nyumbani kwake anafunua sufuria bila kuuliza.

Siku kanda yao ya kwanza ilipoonyeshwa, mtaa mzima ulijazana kwenye sebule ya jirani mwenye televisheni. Picha imefika patamu, umeme ukakatika. Watu wakaanza kunyanyuka. Gaudensi akaruka mbele akasema, "Kaeni! Picha haijaisha!" Akaigiza yote yaliyobaki peke yake, nafasi ya kila mtu. Alipofika zamu ya Felista akavuta kitenge cha jirani, akajifunga, akalia kwa sauti ya Felista hasa, hata Felista mwenyewe akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Umeme uliporudi, watu walisema, zimeni hiyo televisheni, mwacheni kijana amalize.

Jamani, utamu gani huo! Ukiwa na kumbukumbu kama hiyo juu ya mtu, utaanzaje kumwaza vibaya?

Miaka ikaenda. Gaudensi akahamia Dar es Salaam, akawa nyota. Jina la nyumbani likasahaulika. Nchi nzima ikamwita Kapteni. Sura yake ikawa kwenye mabango, akafungua kampuni yake mwenyewe. Siku moja akarudi Morogoro na malori ya taa na msururu wa watu, kutengeneza filamu kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Mtu wa kwanza aliyemfuata alikuwa Felista.

"Mama," alimwambia akiinama kumkumbatia, "bila wewe mimi sichezi."

Felista alilia. Nani asingelia?

Lakini kule kwenye kazi akaanza kuona mambo. Kapteni alichelewa hata nusu siku, watu wakimsubiri juani. Mara moja alimrushia mpishi sahani ya wali kwa sababu umepoa. Watu wakatazama chini. Mmoja akanong'ona, "Hasira za msanii hizo," nao wakacheka, kile kicheko cha mtu anayeogopa kutocheka. Felista naye akacheka. Akajiambia, Gaude wangu amechoka tu.

Palikuwa na binti, jina lake Sikudhani, ndiyo kwanza anaanza kazi. Aliigiza dada mdogo wa Kapteni. Mchana mmoja, wakati wa mapumziko, Kapteni akamwita kwenye chumba cha mavazi, eti wapitie maneno yao. Felista alikuwa ameketi nje ya mlango anafunga viatu. Akasikia binti akisema, "Sitaki, kaka. Niache, sitaki." Mlango ukafunguka kwa kishindo. Binti akatoka mbio, mkono wa gauni umechanika mpaka begani, mdomo unavuja damu. Sitasema zaidi; kuna watoto humu.

Nyuma yake akatokea Kapteni. Macho yake yakagongana na ya Felista.

"Ah, mama," akasema, na lile tabasamu lake la siku zote, "watoto wa siku hizi hawajui utani."

Felista akafanya nini? Akainamisha kichwa, akaendelea kufunga viatu.

Jioni ile Sikudhani alipiga hodi nyumbani kwake. Felista akamkaribisha, akamtengea chai.

"Mama, uliona," binti akasema.

"Niliona umetoka unalia."

"Uliona zaidi ya hapo. Kesho naenda polisi. Naomba twende wote."

Felista akaanza kusimulia. Akamweleza habari za ukumbi wa parokia, mvua juu ya bati, sebule ya jirani iliyojaa watu na kijana aliyejifunga kitenge. Alisimulia vizuri, wapendwa, maana alisimulia kwa mapenzi, na wala hakusema uongo hata neno moja. Alipomaliza akafuta macho. "Mwanangu," akasema, "wewe humjui Gaude alivyokuwa."

Sikudhani alikuwa hajaigusa chai. Akasimama. "Mama, wewe unamjua alivyokuwa. Mimi namjua alivyo."

Akaondoka. Kesho yake akaenda polisi peke yake.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu tunayaona kila mara. Wakasema anatafuta umaarufu. Wakasema alijipeleka mwenyewe. Sokoni kinamama walimchambua huku wakichagua nyanya, na Felista akiwa palepale na kapu lake, kimya. Baba yake Sikudhani akaacha kuhudhuria sala za jumuiya kwa aibu. Kesi ikakosa shahidi, ikalala.

Na filamu ikaendelea. Akatafutwa binti mwingine wa kuigiza yule dada, akapewa gauni lilelile lililoshonwa upya begani. Siku ya tatu au ya nne hivi, Felista akiwa anapakwa poda, akasikia Kapteni akiita, "We binti, njoo chumba cha mavazi tupitie maneno."

Wapendwa, mimi sijui ni nini hukatika ndani ya mtu. Najua tu kwamba Felista alisimama na poda yake nusu uso, akatembea mpaka kwenye ule mlango, akausukuma bila kubisha.

"Mwanangu, toka," alimwambia yule binti. "Chukua mkoba wako twende."

"Mama, tuko kazini," Kapteni akasema.

"Nimeona, Gaude. Na mara ile niliona pia."

Akamshika binti mkono, wakapita katikati ya mafundi wa taa na wapiga picha, hakuna aliyewazuia, wakaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Akaeleza aliyoyaona na aliyoyasikia, na siku aliyonyamaza hakuificha.

Mlango ukishafunguka huwa hatoki mmoja. Wanawake wengine wakajitokeza, wengine wana watoto wakubwa sasa. Televisheni zikaacha kuonyesha picha za Kapteni. Mabango yakashushwa. Filamu ile haikumalizika mpaka leo. Malori yakapakia taa na kuondoka, na mafundi, washonaji, hata yule mpishi, wote wakarudi makwao hawana kazi. Wapo waliomtemea Felista maneno njiani: "Umemuuza mwanao!" Yeye akapita. Akatoa ushahidi mahakamani, na Kapteni akahukumiwa kwenda jela.

Nje ya mahakama Felista alimfuata Sikudhani. Akataka kupiga magoti, binti akamzuia kwa kumshika bega.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia, mama," Sikudhani akasema taratibu, bila hasira. "Lakini ulipokuja, mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa peke yangu."

Akaenda zake kwa baba yake aliyekuwa akimsubiri ng'ambo ya barabara.

Ikapita muda Felista akajikaza, akaenda gerezani. Alijiandaa kutukanwa. Gaudensi akaletwa, amenyolewa, amekonda, na kwa kukonda kule akawa anafanana na yule kijana wa zamani.

"Gaude, najua unanichukia kwa niliyosema mahakamani."

Gaudensi akasema, "Ulisema kweli. Yale niliyatenda mimi, na usiku sura zao hazinitoki machoni. Lakini kuna kitu kimoja nimetaka kukuuliza. Watu wote pale walikuwa wanakula kwangu, nani angenikemea? Wewe peke yako ungenikaripia nikasikia. Ulianza kuniona naharibika toka mapema. Kwa nini ulichelewa, mama?"



Sasa, wapendwa, msije mkanielewa vibaya. Dhambi ya Gaudensi ni ya Gaudensi. Hakuna aliyemshika mkono akamsukuma, na swali lake halimpunguzii hata siku moja ya kifungo. Jeraha la Sikudhani ni zito kuliko gereza lolote, na yeye hakuuliza swali, aliomba tu mtu wa kwenda naye. Mimi nimemchukua Felista kwa sababu humu ndani Makapteni ni wachache. Akina Felista ndio tumejaa.

Mjomba, tunamjua, alitubeba mgongoni tulipokuwa na homa. Mzee wa kanisa, tunamjua. Alijenga ukuta huu. Yule mwanakwaya mwenye sauti, tunamjua tangu anaimba na watoto. Basi likitokea neno juu yake tunasema kwa haraka, "Ah, huyo namjua, hawezi." Ndugu yangu, unamjua yupi? Wa mwaka gani?

Kumbukumbu njema ni zawadi. Mungu ametupa ili tushukuru, si ili tuitoe mbele ya mtu anayevuja damu kama shahidi wa utetezi. Felista alidhani anampenda Gaude kwa kunyamaza, kumbe alikuwa anampenda yule kijana wa kwenye kanda, na huyu aliye hai akamwacha aharibike peke yake, na kuharibu wengine. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tukaifanya methali ya watoto tu. Watu wazima tunaowapenda tunawaacha wakauke.

Sitawaombea ujasiri leo. Mnao, mnautumia kugombania viwanja. Ninachowaomba ni kidogo. Mkitoka hapa, kabla hujaketi mezani, piga hodi kwa yule umpendaye ambaye macho yako yameona jambo lake, umwambie umeona. Lakini kama yupo mtu aliyewahi kukujia akakuomba uende naye ukamtengea chai na hadithi, anza kwa huyo. Chakula kitasubiri.