Bibi Kalunde na Sangara wa Posa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye homa. Narudia mara moja tu, atakayesinzia shauri lake. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kando ya ziwa la maji matamu. Watu wake walivua kwa wavu, na walivua kwa kelele. Kumi wanashika wavu, kumi wanapiga maji kwa kafi, paa! paa! paa!, samaki wanachanganyikiwa, wanaingia wavuni wenyewe. Mtoto wa pale alijua kupiga maji kabla hajajua kutembea.

Aliyevua kwa ndoana alikuwa mmoja tu, Bibi Kalunde, mjane, mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Kila alfajiri alisukuma mtumbwi wake kwa upondo mrefu hadi kwenye matete, akakaa kimya, akarudi na sangara. Watu wakasema ana dawa. Aliwaambia hana, akawaambia tena hana, mwisho akachoka, akawaacha na ujinga wao.

Bibi huyu alikuwa na mjukuu, Nyamizi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nyamizi alimpenda Lugendo, naye Lugendo alikuwa bingwa wa kupiga maji kijiji kizima. Ndipo balaa lilipoanzia. Maana desturi yao ilikuwa hivi: mwenye kuposa alete sangara mwenye urefu wa mkono wake, aliyevuliwa kwa ndoana. Samaki wa wavu ni kazi ya watu ishirini, na binti anataka kujua mume wake ataweza nini akiwa peke yake. Watu wa upande wa binti waliruhusiwa kumwelekeza kwa maneno, lakini kugusa mshipi, ule uzi wa ndoana, mwiko.

Mjomba wa Nyamizi alitoa siku, mpaka mwezi uandame. Lugendo akishindwa, binti anakwenda kwa mchunga mbuzi wa milimani, mwendo wa siku nne. Na miguu ya Bibi Kalunde haikuweza tena hata mwendo wa siku moja. Akiondoka Nyamizi, ndio basi, hatamwona tena. Kwa hiyo bibi akamwita Lugendo, akamwambia aje matete alfajiri.

Akaja. Akaja na kafi! Bibi hajamaliza kuketi, kijana kashaanza, paa! paa! paa! Vyura wakakimbia, ndege wakaruka, na sangara, sijui, labda walifika ng'ambo.

Bibi akamuuliza anafanya nini. Lugendo akasema anawaamsha.

"Nani kakwambia wamelala?" bibi akasema. "Sangara yumo humo kwenye matete, anavizia dagaa. Wewe mpitishie dagaa mlangoni kwake, kisha unyamaze."

Kesho yake akaja bila kafi. Bibi akashukuru. Alishukuru mapema mno, kwa sababu siku hiyo Lugendo alizungumza tangu nyota ya asubuhi mpaka jua la utosini. Alieleza nyumba atakayojenga, akaeleza mlango utakapokaa. Siku iliyofuata alinyamaza, ila alisimama mgongo kwa jua, kivuli chake kimelala juu ya maji kama mkeka. Bibi akamketisha. Akakaa, akaanza kupiga mluzi. Ewe Mola, huyu kijana alikuwa hawezi kukaa kimya hata kidogo.

Na siku sangara alipogusa chambo, kwa kweli aligusa, Lugendo alivuta palepale kwa nguvu ya wanaume kumi. Ndoana ikatoka tupu, ikanasa kwenye nguo ya bibi.

"Mwache ameze kwanza," bibi akasema, huku akijinasua. "Ungekuwa mume wangu, ningekwisha kukurudisha kwenu."

Mikono ilimwasha bibi yule. Mshipi uko hapo, samaki yuko hapo, na yeye haruhusiwi kugusa! Jioni alirudi nyumbani akamkuta Nyamizi anasaga unga, akashindwa kumtazama usoni.

Ikafika siku ya mwisho. Lugendo alikuja amefunga mdomo. Alinoa ndoana juu ya jiwe, akatia dagaa mzima, akamtupa taratibu kando ya matete, chubwi. Akaketi. Hakuongea, hakupiga mluzi. Jua likachomoza, likapanda. Mara mshipi ukatetemeka. Lugendo akangoja. Mshipi ukakaza, akavuta, na sangara akapasua maji, mkubwa, mweupe tumboni.

Hapo Bibi Kalunde akasimama. Miaka yote ile ya kimya ikamponyoka. Akapaza sauti, "Mlegezee uzi! Mlegezee, wewe!" na bakora yake ikapiga maji, paa! paa! paa! Mnashangaa nini? Naye alizaliwa kijiji kilekile.

Samaki akashtuka, akageuka, akazama chini ya mtumbwi. Mshipi ukakatika.

Bibi akaketi. Machozi yakamtoka. Alianza kueleza, akaanza kujilaumu, akaanza kumlaani mjomba na mbuzi wa milimani wote.

"Bibi," Lugendo akasema kwa upole, "nyamaza."

Akafunga ndoana nyingine. Akasogeza mtumbwi polepole hadi upande wa pili wa matete, akatupa, chubwi. Bibi akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo yake, akauma. Wakakaa. Kivuli kikafupika, kikaisha, kikaanza kurefuka upya. Jua lilipogusa vilele vya matete, mshipi ukakaza, na safari hii hakuna aliyesema kitu.

Mjomba alimpima sangara yule kwenye mkono wa Lugendo. Mkia ulifika begani, mdomo ukafika ncha ya kidole cha kati. Akatafuta alama ya wavu kwenye magamba, hakuipata. Nyamizi akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yake, na bibi akala ugali wa mjukuu wake mpaka mwisho wa siku zake.

Hata leo, kwao, mkubwa akizidisha maneno, wadogo humwambia, "Bibi Kalunde, mshipi umekaza." Naye hunyamaza, maana ukiwafunza watu kimya, siku yako nawe ya kunyamaza itafika.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye matete. Nanyi, mlionong'ona tangu mwanzo, nendeni mkavue tuone.