Tikiti za Shule na Darasa la Bwana Fisi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusonga ugali kama sisi, Mfalme Tembo alimpa kila mzazi tikiti ya shule.

"Mpelekeni mtoto mnakopenda," alisema. "Mwalimu atakayepewa tikiti atapata kapu la chakula ghalani kwangu. Ila ukishaitoa, hairudi mpaka mwalimu mwenyewe atamke mbele ya mkaguzi kwamba anairudisha."

Mpaka siku hiyo shule ilikuwa moja tu, ya Mwalimu Kobe. Paa lilivuja, na Kobe alifundisha taratibu mno, lakini watoto walijua kusoma.

Bwana Fisi aliposikia habari za makapu, mate yalimtoka. Upesi upesi akajenga geti jekundu na kutundika kengele kubwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Kwangu kuna sare! Kuna soksi!" alitangaza.

Wazazi wakamiminika. Hata Bi Nguchiro, mama mdogo wa umbo mwenye mbio na maneno, alimhamisha mwanawe Chiro kutoka kwa Kobe.

Jioni moja akamwuliza, "Leo mmejifunza nini, mwanangu?"

"Tumepalilia shamba la mwalimu."

"Na jana?"

"Tumeteka maji."

"Na chakula cha mchana?"

"Mwalimu anakula, mama. Sisi tunanusa."

"Mnanusa?" Moyo ukamchoma Bi Nguchiro, maana geti lile alilichagua yeye mwenyewe. Akatoka mbio, pu! pu! pu! mpaka kwa Fisi.

"Nirudishie tikiti yangu!"

"Hihihiii! Nani alikulazimisha? Si ulichagua mwenyewe?"

Bi Nguchiro akageuka akaenda zake. Kesho yake akarudi, safari hii akitabasamu.

"Bwana mkubwa, nisamehe kwa ya jana. Nasikia Mkaguzi Twiga anakuja, na wazazi ambao bado hawajatoa tikiti zao watakuja nazo. Watoto wanajua kujibu maswali?"

Fisi akakuna kichwa. "Maswali? Maswali gani tena?"

"Usiwe na wasiwasi. Nitauliza mimi, yale mepesi. Wakiulizwa lolote, waitikie, 'Ndiyo kabisa!' Nawe uwaongoze, upaze sauti kuliko wote. Wakaguzi wanapenda nidhamu."

"Ee! Hilo somo naliweza!"

Siku ikafika. Twiga akapitisha shingo juu ya geti, wazazi wakajaa uwanjani. Bi Nguchiro akaanza polepole.

"Watoto, jua huchomoza asubuhi?"

"Ndiyo kabisa!"

"Mwalimu wenu ni hodari?"

"Ndiyo kabisa!"

Makofi, pwa! pwa! pwa! Fisi akavimba kifua. Macho yalikuwa kwa wazazi wapya, masikio yalikuwa yanasikia makapu tu. Bi Nguchiro akaongeza mwendo.

"Mbili na mbili ni saba?"

"Ndiyo kabisa!"

"Mbuzi hutaga mayai?"

"Ndiyo kabisa!"

Wazazi wakaguna. Bi Nguchiro hakuvuta hata pumzi.

"Chakula cha watoto anakila mwalimu?"

"Ndiyo kabisa!"

"Na tikiti zote anazirudisha leo hii?"

"NDIYO KABISA!" Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Bwana Fisi.

Twiga akainamisha shingo mpaka usoni pa Fisi.

"Nimesikia," alisema Twiga.

"Hapana! Sikusema... hapana kabisa!" alilia Fisi, lakini wazazi walishaingia ofisini, kila mmoja anatafuta tikiti yake.

Bi Nguchiro akamshika Chiro mkono wakaenda kwa Kobe. Lakini tikiti hakuitoa. Kwanza aliketi benchi la nyuma akasikiliza somo lote, huku wazazi wengine wakibanana dirishani wakitega masikio.

Kobe akainua kichwa taratibu. "Karibuni," akasema. "Ila wanaochelewa hukaa mbele."

Basi wanangu, mtu akipewa nafasi ya kuchagua shule, achungulie darasani kabla hajalipenda geti.